Kura ya Mkaa wa Mawe

Wiki iliyopita, mkutanoni Pugu, bwana misitu aliinua kipande cha mkaa wa mawe. "Tupikie huu, msitu wetu upone." Mikono yote ikapanda, isipokuwa wa mama muuza mihogo.

"Vipi, mama?"

"Unachimbwa wapi?"

"Mbali, huko kusini."

"Ndiko kwetu. Marehemu baba kazikwa shambani kwetu, juu ya mkaa huo."

Mtani wake akadakia: "Mhamisheni! Nyie hata mkifa hampendi kukaa sehemu moja!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, mkono ungali mapajani.

"Basi, wote tumekubali," akatangaza bwana misitu.

"Wote wa hapa," mama alisema taratibu. "Wa kule hamjawauliza."

Mikono ikashuka polepole. Mwenyekiti akasema jambo hilo lisubiri. Ni rahisi kuuokoa msitu wako kwa shamba la mwenzio.