Mgeni Aliyelamba Jiwe

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzeeni. Juzi mjukuu wangu, anayekusanya mawe yenye madini adimu, alilamba moja mbele yangu, nikakumbuka shamba letu la Ainabkoi.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, mgeni tusiyemjua aliokota humo jiwe zito palipolimwa, penye harufu ya udongo mbichi, akalilamba. Nilidhani ana njaa. Mama akatupa jembe.

“Wewe mzee! Unakula kiapo kwa jiwe letu ili utuchukulie shamba?”

“Hapana, Mama. Likilowa ndipo madini yanapong'aa.”

“Kwani mtoni hakuna maji? Lirudishe!”

Alilirudisha, akaondoka akigeukageuka. Mama alilifukia, akapanda viazi juu yake.

Leo najua mgeni alisema kweli. Hata hivyo simlaumu Mama, maana shamba lile ndilo lililotulisha. Msomaji, Mungu akulindie pale unapolala na pale unapolima.