Nilivyoitamani Diski

Mjukuu wangu alikuwa jikoni akisoma kwa sauti insha aliyoagizwa na mwalimu wake, ile ya kushawishi: "Kamera ziwekwe katika kila darasa, kwa maana mtoto anayeonekana hapotei." Mimi nilikuwa namenya viazi. Kisu kikasimama mkononi. Jamani, hata mimi niliwahi kuandika insha ya kutaka watoto wachungwe, na wakati huo kamera hizo hazikuwako.

Ilikuwa Nanyuki, miaka ile uhuru ungali mchanga. Baba alikuwa polisi, akahamishwa kutoka Bungoma, nami nikafuatana naye ili nisome. Mama alibaki nyumbani kulima. Tulikaa kwenye nyumba za askari, laini za polisi, ambako baridi ya mlima iliuma masikio kila asubuhi, na sweta yangu ilinuka moshi wa jiko. Baba alizunguka sokoni kutwa akiwaangalia watu, na popote alipopita mazungumzo yalizimika.

Shuleni askari wetu alikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Tulikiita diski. Ukipatikana ukiongea lugha ya mama unavishwa shingoni, nawe unamwinda mwenzako ili umvishe. Atakayefika nayo paredi ya jioni anachapwa. Wenzangu walinong'onezana Kikuyu nyuma ya vyoo, na mwenye diski akitokea walitawanyika wakicheka mpaka kwenye mikaratusi. Mimi hakuna aliyenikimbia. Kiluhya changu hakikuwa na msikilizaji hata mmoja darasani, na nikisogea karibu watoto walinyamaza. Mtoto wa polisi huyo, chunga mdomo.

Siku moja nilimwendea Wambui, msichana wa darasa letu aliyekuwa amevaa diski, nikamsalimia kwa Kiluhya, kwa sauti, "Mulembe!" Akanitazama kama aliyesalimiwa na kuku.

"Unaongea na nani?"

"Na wewe."

"Mimi sijaskia kitu. Na mwalimu hawezi kubali. Ati ni lazima mtu akujibu."

Akaenda zake. Niliona uchungu siku hiyo kuliko siku yoyote ya kuchapwa.

Muhula huo Mwalimu Kariuki alitupa insha: diski iendelee au iondolewe? Darasa zima liliandika iondolewe. Mimi niliitetea kama wakili. Nidhamu nikaitaja, umoja wa taifa nikautaja, hata mtihani nikauingiza. Mwishoni nikaandika kwamba mwenye diski ana bahati, kwa maana wenzake wanajua yuko wapi kila wakati. Mwalimu aliisoma mbele ya wote. Walicheka, kisha wakaninunia. Mwalimu mwenyewe alipofika pale mwishoni alivua miwani, akaifuta, akanirudishia kitabu.

Wakati wa mapumziko Wambui alinijia, diski shingoni kama kawaida yake, maana yule alizaliwa mdomo wazi.

"Ati unapenda disk? Basi nikikusalimia kwa Kikuyu, jibu 'ndi mwega.'" Akakohoa kidogo. "Wi mwega?"

"Ndi mwega," nikajibu.

Akanivisha palepale, akatimua mbio. Na wengine wote wakakimbia! Niliwafukuza uwanja mzima huku nikicheka, wala sikujaribu kumnasa mtu. Nilijua Wambui ameokoa viganja vyake kwa vyangu. Nilifurahi tu. Jioni nikachapwa barabara.

Nyumbani baba alivishika viganja vyangu vilivyovimba, akavigeuza karibu na dirisha. Nilidhani atataka kujua nani amenichapa, nikaanza kumwogopea Mwalimu Kariuki. Nikamweleza yote.

"Huyo mtoto ndiye alikusalimia kwanza?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Alisema aje?"

Nikamwambia. Akalijaribu neno lile taratibu, likamshinda, akalijaribu tena. "Hebu nifundishe vizuri," akasema. Tuliketi kwenye kitanda chake, yeye na sare yake, mimi na viganja vyangu, nikamfundisha salamu na jibu lake, nikimcheka kila alipokosea.

Niliamini anafanya mchezo ili nisahau maumivu. Hata asubuhi, nilipomsikia akiirudia salamu ile akifunga viatu, nilicheka peke yangu. Ilinibidi niwe mtu mzima, nihamie mji wa watu nisiowajua, ndipo nikaelewa na kulia: baba yangu, aliyeajiriwa kuutazama mji mzima, hakuwa na mtu wa kumsalimia.