Saa ya Kutafutia Kaburi

Barua ya uhamisho wa kurudi Singida ilipotoka, jambo moja tu lilinikaa kichwani: nikiondoka Kitangari, kaburi la mwanangu nitalijuaje siku nikirudi? Aliishi siku tatu. Tulimzika shambani kwa bibi mwenye nyumba tuliyopanga, chini ya mikorosho, bila saruji wala kibao. Miaka sita imepita. Basi nilikwenda Masasi, nikaingia kwenye duka la simu, nikanunua saa ya satelaiti.

Muuzaji aliisifu kwelikweli. Ipitiwe na lori, haivunjiki. Itumbukie kisimani, inaendelea. Mimi na lori wapi na wapi? Ni mwalimu wa hesabu, chombo changu kizito kuliko vyote ni rula ya ubaoni. Nilichotaka ni kile kitufe cha kuhifadhi mahali ulipo, ili siku ukirudi ikuongoze mpaka hapohapo.

Ndani ya basi niliichunguza. Nene kama kifuniko cha chupa ya chai, vitufe vitano vigumu kubonyeza, kioo kilichofifia ambacho juani kinasomeka vizuri ajabu. Mkanda wake wa mpira ulininyofoa vinyweleo. Tulipoanza kupanda mlima, ilihesabu mita za kwenda juu moja baada ya nyingine. Ilinionyesha na mapigo ya moyo: sabini na mbili. Nilijilazimisha kumfikiria mtoto, nikaitazama tena. Sabini na mbili. Nilikuwa nimekufa ganzi tangu siku ya maziko, na sasa hata saa ilikuwa na ushahidi.

Jumamosi nilikwenda shambani na mke wangu. Msimu wa korosho ulikaribia, na bibi alikuwa anamalizia kufagia chini ya miti, kama wafanyavyo huku, ili korosho zikidondoka zionekane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na saa kubwa namna hiyo, mkono hauchoki?"

Nilicheka kidogo kwa adabu. Kisha nikahesabu mikorosho kutoka njiani, nikaufikia wa tatu, nikasimama kwenye ardhi iliyofagiwa ikatakata. Matawi mazito yaliziba mbingu. Saa ilitafuta, ikatafuta, ikachukua dakika nzima kukubali kwamba nipo.

"Siyo hapo," mke wangu alisema.

"Mti wa tatu," nikamjibu, kwa ule ukali wangu wa darasani.

"Ule wa tatu tulishaung'oa, mwalimu," bibi akasema. "Ulikuwa mzee, hauzai. Huo ni wa nne."

Akainua fagio, akaelekeza mahali padogo palipojaa majani makavu. Nilikuwa nimepapita muda mfupi tu uliopita, nikawaza moyoni kwamba bibi amezeeka, siku hizi anaacha uchafu.

"Pale sifagii," alisema. "Korosho zikianguka pale naziokota kwa mkono."

Miaka sita alikuwa analizunguka kaburi la mwanangu kwa fagio, na hakuwahi kututajia. Nilijua kwamba hapo ndipo mtu hulia. Sikulia. Nilisogea mpaka ukingoni mwa yale majani, nikabonyeza. Saa ikakubali, kisha ikaniuliza mahali hapo paitwe nini.

Sikuwa na la kuandika. Mtoto alikufa kabla hatujampa jina. Ndivyo nilivyojiambia miaka yote. Nikataka kuacha ile namba inayojiweka yenyewe.

Mke wangu akataja jina. Hakufikiri hata kidogo. Alikuwa nalo siku zote, mimi tu ndiye sikuwahi kumuuliza, na aibu iliyonipata pale ndiyo hisia yangu ya kwanza baada ya muda mrefu. Nikaliandika herufi moja moja, nikakosea mara mbili, nikafuta, nikaandika upya.

Huku mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe. Sisi, tangu tuhamie, tulikuwa mwalimu na mke wa mwalimu. Bibi alisubiri nimalize, akajifuta mikono kwenye khanga, akamgeukia mke wangu na kumwita mama wa jina lile, akasema twende nyumbani tukanywe uji.

"Abee," mke wangu akaitika.