Koti la Arlys na Msumari wa Watu

Saa kumi na mbili asubuhi, Arlys Koskela anachomoa ukutani waya uliopasha injini ya gari lake joto usiku kucha, anauviringa mkononi kama nyuzi za kufumia, kisha anaingia garini. Theluji inalia chini ya magurudumu. Huku Ketola, kaskazini mwa Minnesota, theluji ikilia hivyo mtu haulizi baridi imefika wapi. Anafunga vifungo vya koti na kwenda kazini.

Muda si mrefu yuko chini ya meza ya mapokezi ya hospitali ya mji, inaonekana miguu tu. Kompyuta imegoma. Muuguzi wa zamu anaiambia ile miguu kwamba jana mashine ilikuwa nzima.

"Jana hata magoti yangu yalikuwa mazima, bibie," miguu inajibu.

Anatoka na waya uliosagwa na gurudumu la kiti. Anachomeka mwingine, kioo kinawaka, wagonjwa wa kwanza wanaanza kuandikishwa. Arlys anajipangusa vumbi na kwenda chumba cha mafundi wa kompyuta, nyuma kabisa, jirani na mashine za kufulia mashuka.

Ukutani kuna safu ya kulabu za makoti, kila moja na jina lake. Ya nne imeandikwa ARLYS kwenye kipande cha utepe wa gundi. Aliyekibandika ni Denny Stefanich, fundi mwenzake, tangu wiki ya pili Arlys alipofika. Sasa ni mwezi wake wa sita hapo na ncha za utepe zimeanza kujikunja. Arlys anavua koti, anaipita ile kulabu kama anavyompita mtu asiyemfahamu, analitupia koti mgongoni mwa kiti.

"Mwone," anasema Denny bila kuinua macho. "Kama abiria anayeogopa kuachwa na basi."

Kitendawili: anaitwa kuzima moto, moto ukizimika anaonyeshwa mlango. Wapo watakaosema ni maji. Kwenye kazi za kompyuta jibu ni mtu wa mkataba, na Arlys, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, amekuwa jibu la kitendawili hicho kwa miaka ishirini na miwili.

Amepita benki, kiwanda cha karatasi, kampuni za bima, hata bohari la mbegu za mahindi. Mahali alipokaa sana ni mwaka na nusu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alikabidhiwa siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Waajiriwa waliposherehekea siku za kuzaliwa, keki ilikatwa chumba cha pili. Yeye alikuwa mtu wa wakala anayewatafutia mafundi kazi za muda, na kampuni nyingi hazikutaka watu wa wakala wakae mezani na wenyewe. Kila mara alitokea mwenye huruma akamletea kipande juu ya karatasi laini.

"Nimekula keki za watu nisiowajua hata majina," anasema akicheka. "Zote zilikuwa tamu."

Wiki hii mambo mawili yamemjia kwa pamoja. Corrine Zupan, mkuu wa idara ya kompyuta hapo hospitalini, amemwambia nafasi ya kudumu ipo na ni yake akiitaka. Siku hiyo hiyo wakala wa Minneapolis akapiga simu. Kuna mkataba mpya huko jijini, miezi kumi na minane, dola sitini na mbili kwa saa. Hospitali haifiki hata dola arobaini, ila ina bima ya afya, na bima Arlys hujinunulia mwenyewe kwa karibu dola mia tisa kila mwezi. Wote wawili wanataka jibu Jumatatu.

Aliye mbali angesema hilo ni jambo la kuketi na kalamu na kupiga hesabu. Arlys hesabu anaijua. Kinachomkaba ni msumari.

Baba yake, Reino Koskela, wa ukoo wa Wafini waliohamia huku, alichimba chuma miaka kumi na tisa. Mgodini palikuwa na chumba kikubwa cha kubadilishia nguo, chenye dari ndefu kama ya kanisa. Kila mchimbaji alikuwa na mnyororo wake na kikapu chake. Akitoka kazini huweka nguo zilizolowa kikapuni, huvuta mnyororo, nazo hupanda juu kwenye joto kukauka hadi kesho.

Mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, familia ziliruhusiwa kuingia. Arlys alikuwa na miaka saba baba alipomshikisha mnyororo. Anaukumbuka ubaridi wake kiganjani, kelele zake zilivyojibiwa na dari, na kikapu kilivyoshuka taratibu kikileta koti la baba, vuguvugu, likinuka sabuni na vumbi jekundu. Wachimbaji wa vikapu vya jirani walimpigia makofi. Mmoja akamwambia Reino ampe mtoto zamu yake, maana anavuta vizuri kuliko baba mtu.

"Nilidhani kikapu kile kitakuwa pale juu siku zote," anasema. "Kama mwezi."

Alipotimiza miaka kumi na moja, mgodi ulisimama. Wanaume waliambiwa washushe vikapu na kuchukua vyao. Reino alirudi na nguo zake ndani ya gunia la viazi, akalitundika koti nyuma ya mlango wa sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, kisha akamwambia binti yake neno ambalo amelibeba maisha yote: "Usitundike koti lako kwenye msumari wa watu."

Ndiyo maana hadi leo koti lake hukaa mgongoni mwa kiti.

Jumamosi jioni, kama kila Jumamosi tangu azaliwe, Arlys anawasha moto wa sauna nyuma ya nyumba ya mama yake. Bi Lempi ana miaka themanini na moja na bado anagombania kata ya kumwagia mawe maji. Wanakaa kwenye benchi, mvuke unapanda, na binti anaeleza yote: Corrine, wakala, dola, na mwisho neno la baba.

Mama anamimina maji, anangoja mawe yamalize kufoka.

"Baba yako alisema hivyo siku aliyorudi na gunia," anasema. "Mtu mwenye jino bovu usimwulize habari za chakula. Mimi niliishi naye miaka thelathini baada ya siku hiyo. Hakuulilia mgodi hata mara moja. Aliwalilia wale wa vikapu vya jirani, na wao walimlilia yeye. Ndiyo maana kila Jumamosi walikuja kukaa hapo ulipokaa wewe, mpaka tukawazika mmoja mmoja."

Arlys anawakumbuka: migongo myekundu, hadithi zile zile, mkate mtamu wa kokwa za jozi ukisubiri mezani, makoti matano kwenye misumari mitano ya chumba cha nje. Usiku mwingi wa utoto wake alilala akisikia vicheko vyao vikitoka kwenye mvuke.

"Na wewe, mwanangu," mama anaendelea, "miaka ishirini na miwili umefanya kazi na watu. Ni nani umewahi kumleta hapa?"

Arlys ananyoosha mkono. Anaomba kata. Safari hii mama anampa.

Jumatatu asubuhi anaingia chumba cha mafundi, anavua koti, anafika kwenye kulabu ya nne. Anabonyeza kwa kidole gumba zile ncha za utepe zilizojikunja. Kisha anatundika.

Corrine anaona, anajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Denny hawezi kujifanya.

"Polepole, dada," anasema. "Kulabu hiyo imezoea hewa tupu, utaivunja."

"Ikivunjika ni yenu," anajibu Arlys.

Hajidanganyi. Anasema hospitali ndogo nazo hufungwa kama migodi, na neno kudumu amewahi kuliona likishushwa kwa mnyororo. Amempigia wakala yeye mwenyewe kumwambia hatakwenda, akamshukuru, akamtakia heri. Simu ilikuwa fupi.

Kazini hakuacha hapo. Kabla ya chakula cha mchana alimwuliza Corrine, kisha Denny, kama Jumamosi wana shughuli. Corrine atakuja na mkate wa jozi wa bibi yake. Denny aliuliza kama mvuke wa Wafini huua. Akaambiwa humaliza wambea tu.

Jioni hiyo Arlys alisimama na taa kwenye chumba cha nje cha sauna. Misumari mitano ya baba bado ipo, lakini mitatu imeoza kwa kutu na haiwezi hata taulo. Amenunua mipya, minene, na Ijumaa akitoka kazini ataipigilia.

"Koti la Denny ni zito," anasema, akipima ubao kwa kiganja. "Na hapa msumari ni wangu."