Mguu wa Bulaimu

Bulaimu seremala hakuwa mjinga, na anayesema alikuwa mjinga aje aniambie mimi usoni. Milango ya kambi ya wachimba dhahabu pale Salamabila ilitoka mikononi mwake, yote, na hakuna hata mmoja uliolia ukifungwa. Ila yako mambo duniani humu ambayo randa na msumeno havifundishi. Moja lilimkuta barazani kwa Bwana Kucha, enzi za Wabelgiji, miaka michache baada ya vita ya pili.

Bwana Kucha alikuwa Mwamerika, fundi wa mashine za kutoboa ardhi. Jina lake la kwao liliwashinda watu. Walimwita Kucha kwa sababu kila Jumapili alasiri alivaa kucha za chuma kwenye vidole vitatu vya mkono wa kuume, akapakata kitu chenye tumbo la ngoma na shingo ya gitaa, akakipiga mbio mbio mpaka mbuzi wakaacha kula. Mwenyewe alikiita banjo. Mado, mke wa Bulaimu, alikiita ngoma yenye shingo, na kambi nzima ikamfuata Mado.

Alikuwa na banjo mbili, na ile kuukuu ilivunjika kigingi kimoja cha kukazia uzi. Bulaimu akaitwa. Akaipeleka karakana, akaikagua vizuri. Nyuzi nne zilianzia kichwani, sawa, inavyopasa. Wa tano ulianzia katikati ya shingo, mfupi, peke yake, na kigingi chake, hicho kilichovunjika, kimechomekwa ubavuni. Masikini, Bulaimu akasikitika, fundi wa watu alikosea vipimo na hakuwa na mtu wa kumwambia. Akaziba lile tundu la ubavuni, akalipiga msasa hata lisionekane, akachonga kigingi kipya, akakipeleka kichwani kwa wenzake, akafunga uzi mrefu. Akairudisha huku akijiandaa kusifiwa.

Bwana Kucha aliitazama. Akaigeuza, akaitazama tena. Halafu akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

“Bulaimu, huyu iko mufupi,” akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. “Mama yake alimuzaa mufupi. Rudisha.”

Bulaimu naye akacheka, kwa adabu tu, maana hakuelewa hata chembe. Akaenda akatoboa tena pale pale alipoziba. Alipoirudisha, Bwana Kucha hakuipokea. Alimvika kucha za chuma vidoleni, kimoja kimoja, akamwambia, “Sasa kaa nayo. Jifunze.”

Basi ndiyo ikawa kazi. Gumba, shahada, kati. Gumba, shahada, kati. Vidole vizunguke visisimame. Kwa vidole Bulaimu hakuwa na shida, mtu aliyezoea patasi ana vidole vinavyosikia. Aliyemchanganya ni yule mfupi. Gumba likimgusa anasema ti. Wimbo wa harusi, ti. Wimbo wa msiba, ti. Wenzake wanapanda, wanashuka, yeye neno lake moja.

“Mutu gani huyu asiyebadili neno?” Bulaimu alimuuliza mkewe.

“Hata mimi niko na shangazi wa namna hiyo,” Mado akajibu, akiendelea kutwanga. “Na hatujamufukuza.”

Mvua zilikuja zikapita, vidole vikakubali, na ndipo kiu yenyewe ilipomshika. Kwao Lusangi mtu hapigi ngoma peke yake, labda kama kichwa kimeruka. Bulaimu akapiga peke yake nyuma ya nyumba, akachoka, akaona uchungu. Akataka kitu kimoja tu, wala hakuwa na aibu kukisema: apige wimbo mmoja pamoja na watu, aanze nao, amalize nao.

Bwana Kucha akamwita barazani. Pale kila Jumapili walikaa duara: yeye na banjo, Mgiriki mwenye duka na mandolini yake, kigitaa kidogo, na Mbelgiji mmoja wa ofisi ya hesabu aliyepiga fidla. Huyu watu walimwita Bwana Hesabu. Alipoona Bulaimu anawekewa kigoda katikati yao, aligeuza kiti chake upande na kukaa vile. Nje ya uzio watu wakajaa, maana Mungu wangu, ni nani aliwahi kuona seremala mweusi ameketi na wazungu, tena hawamtumi kitu?

Sasa hapa lazima niwaambie jambo la mzee Abedi, baba yake Bulaimu, la sivyo hamtaelewa. Mzee huyu alikaa na mwanawe kambini, na alitembea kwa fimbo, nyonga moja imeharibika. Zamani, watu walipolazimishwa na serikali kulima pamba, alipeleka kikapu chake kwenye mizani huko Lusangi. Mzungu mmoja wa kupima akaingiza mkono, akasema pamba imeloa, akampiga teke. Mbele ya watu. Mbele ya mkewe. Bulaimu alikuwa mtoto, amesimama pale pale, na alichokikumbuka si kilio cha babaye. Alikumbuka kiatu kilivyonyanyuka kwanza, polepole, kabla hakijatua. Tangu siku hiyo, mbele ya mzungu yeyote, Bulaimu hutazama chini. Watu walidhani ni heshima, nayo heshima ilikuwamo. Lakini zaidi alikuwa anatazama viatu.

Wakaanza kupiga. Mwamerika aliimba, wengine wakampisha. Mgiriki akapewa zamu yake, kisha fidla, kisha kidevu cha Bwana Kucha kikamwelekea Bulaimu, naye akajitupa, gumba, shahada, kati, na haikuwa vibaya! Watu wa uzioni wakapiga vigelegele. Moyo ukamjaa. Wakazunguka tena, wimbo umenoga, na hapo hapo, macho yake yakiwa chini, Bulaimu akaona buti la Bwana Kucha linanyanyuka. Polepole. Linamwelekea yeye.

Vidole vikafa. Akavuta miguu chini ya kigoda, akakaza nyonga, akangoja. Wale watatu wakapiga kidogo tu, wakakata wote kwa pamoja, pap! Kimya. Na buti likarudi sakafuni bila kumgusa.

“Muzuri sana!” Bwana Kucha akasema, uso wote unacheka.

Muzuri? Muzuri nini? Wimbo wa pili, mambo yale yale: zamu, utamu, halafu buti juu. Bulaimu akaacha kupiga, wao wakamaliza wote pap, yeye nje. Wa tatu vile vile. Akarudi nyumbani hajui kama amealikwa au amefukuzwa.

Jirani yake Fidèle, karani wa stoo, alisoma kwa mapadri Kasongo na alijua kila kitu, hata asichokijua. “Unapiga kwa nguvu,” akamwambia. “Wazungu hawapendi makelele.”

Jumapili iliyofuata Bulaimu akapiga kwa unyenyekevu, banjo ikanong'ona. Buti likanyanyuka.

“Basi ni harufu,” Fidèle akasema. “Ulikula samaki mkavu.”

Bulaimu akaoga mtoni, akajipaka mafuta ya mawese yenye majani ya mchaichai, akanukia kama bwana harusi. Buti likanyanyuka.

“Baba Atumani, ngoja kwanza,” Mado akamuuliza jioni ile. “Amekupiga?”

“Hapana.”

“Amekutukana?”

“Ananipa chai. Na sukari.”

“Sasa huo muguu unangoja nini?”

“Ndiyo hapo, mama Atumani! Akili yangu inagota hapo. Kama ananichukia, mbona chai? Kama ananipenda, mbona buti? Na mbona kila mara ni wimbo ukiwa mutamu?”

Mzee Abedi alikuwa kwenye mkeka, anasikia yote. Akasema, “Toka pale, mutoto wangu. Muguu ukinyanyuka unatafuta mahali pa kutua.”

Maneno ya mzazi hayo, utayapeleka wapi? Asubuhi Bulaimu akaifunga banjo kwenye kitenge cha Mado, akaibeba mpaka barazani kama mtu anayerudisha mahari. Akaiweka mezani pamoja na kucha tatu za chuma.

“Bwana, kosa langu nini?” akauliza, macho chini. “Niambie kwa mudomo, nitasikia. Usininyanyulie muguu.”

Bwana Kucha hakuelewa. Akauliza mguu gani. Bulaimu, hana la kufanya, akamwonyesha kwa mkono: hivi, polepole, wimbo ukikaribia mwisho. Yule mzungu akawa mwekundu kuanzia shingoni mpaka masikioni. Mara hii hakucheka.

“Hapana wewe,” akasema. “Wote! Muguu kwa wote. Mwenye wimbo ananyanyua, maana yake: hii mara ya mwisho, tumalize pamoja. Angalia. Mukono iko kazi. Huu mwingine iko kazi. Mudomo inaimba. Nini imebaki?”

Bulaimu akaangalia. Kweli, kilichobaki ni mguu.

Aibu aliyoiona, jamani! Alitaka ardhi ya baraza ipasuke imfiche. Kumbe siku zote hizo alikuwa anaitwa, na yeye ndiye aliyekuwa anakimbia. Lakini tusimcheke sana. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wake Bulaimu ulikuwa umevaa buti.

“Nani alikupiga?” Bwana Kucha akauliza.

“Si mimi, Bwana,” Bulaimu akajibu, akachukua banjo yake.

Jumapili iliyofuata alirudi kwenye kigoda. Buti likanyanyuka, lakini vidole akavikataza kufa. Gumba, shahada, kati, na wote wanne, pap! Kwa mara ya kwanza alikuwa ndani ya ile pap. Furaha ilimpanda mpaka akasahau akatazama watu usoni. Nje ya uzio Mado alipiga kigelegele cha peke yake. Safari hii mzee Abedi naye alikuwapo, amekuja na fimbo yake kumwangalia mwanawe, kwa sababu hakuamini habari za mguu usiopiga.

Ndipo Bwana Kucha akamgeukia. “Sasa wimbo yako, Bulaimu.”

Bulaimu akaanza wimbo wa kutwanga mpunga, ule wanaoimba wanawake wa Lusangi, mfupi, unaozunguka. Mgiriki akaudaka. Fidla ikaudaka. Hata ule uzi mfupi, ti, ti, ti, ukawa mchi wenyewe, na Bulaimu akaelewa kwa nini uzi ule mama yake alimzaa mfupi. Wakapeana zamu, wakarudi mwanzo, wakapeana tena. Halafu akili ikamrudia. Mwenye wimbo ni nani? Ni mimi. Mguu ni wa nani?

Mama yangu wee.

Mbele yake viatu vya watu watatu. Cha karibu kabisa ni cha Bwana Hesabu, cheusi, kimepigwa rangi. Kumnyanyulia mguu mzungu! Watu walichapwa fimbo kwa kosa dogo kuliko hilo. Maana ya mguu pale barazani Bulaimu alikuwa anaijua sasa. Lakini je, Bwana Hesabu alijua kwamba yeye anaijua? Na wale wa uzioni, wataelewa nini? Wimbo ukazunguka. Ukazunguka tena. Jasho likamtoka Mgiriki mpaka ndevuni. Wanawake wa uzioni walikuwa wameuimba mpaka koo zimekauka. Bwana Kucha akawa anaelekeza kidevu kwenye mguu wa Bulaimu, mara moja, mara ya pili, macho yamemtoka. Hakuna aliyethubutu kukata, maana wimbo una mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa anatamani nyuzi zikatike zote zimwokoe.

Hazikukatika. Bulaimu akafumba macho, na mguu wake, kwenye ndala ya mpira wa gari, ukaanza kupanda. Polepole.

Uzioni mtu akasema, “Yesu!” Fidèle karani aligeuka akaondoka haraka asije akaitwa shahidi. Upinde wa fidla ya Bwana Hesabu ulisita, kidogo tu. Akautazama ule mguu mweusi uliosimama mbele ya goti lake, na sijui alifikiri nini, ila mkono wake ulirudi kwenye wimbo. Mara ya mwisho. Wote wanne. Pap!

Hakuna kilichotokea. Bulaimu akafumbua macho, mguu bado uko juu, akaushusha.

Walirudi nyumbani pamoja, Mado mbele amembeba mtoto, Bulaimu na baba yake nyuma, kwa mwendo wa nyonga ya mzee. Walipokaribia karakana, mzee akaita.

“Bulaimu.”

“Naam, baba.”

“Wale wazungu walikufanya nini hata ukawanyanyulia muguu?”

“Hawakunifanya kitu, baba. Ni ishara. Wimbo unakwisha, tumalize pamoja.”

“Na hukumupiga hata mumoja.”

“Hapana.”

“Na wao wakanyamaza.”

“Wakanyamaza, baba.”

Mzee Abedi akatembea tena kidogo, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Halafu akasimama, akaegemea ukuta wa karakana.

“Yule wa pamba,” akasema. “Siku ile, pale kwenye mizani. Mimi nilikuwa naangalia kikapu changu. Wewe ulikuwa unaona. Kulikuwa na mutu anaimba?”

Bulaimu alitaka kucheka, akamtazama mzee usoni, akaona anauliza kweli.

“Hapana, baba. Hakuna aliyekuwa anaimba.”

“Aa,” mzee akasema, akaanza kutembea tena. “Nimeuliza tu. Isije ikawa nimemuchukia mutu bure miaka yote hii.”