Nguzo Iliyovaa Kitenge

Kila sikukuu ya uhuru wakubwa wa mji huweka mashada ya maua kwenye mnara wa taifa. Tarumbeta hulia, bendera hupanda, hotuba hurefuka mpaka watoto wa shule waanze kuanguka kwa jua. Sina ugomvi na mnara huo. Ugomvi wangu ni na wale wanaosema kwamba Bukavu haina ukumbusho mwingine, maana sisi tunao wetu mtaani Kadutu, mahali njia ya miguu inapopinda kabla ya kufika nyumbani.

Ni nguzo ya mawe na saruji, inanifika kifuani. Haina sanamu wala maandishi. Wanawake wa mtaa wetu waliijenga wakati wa vita, baada ya gari lililoshuka uwandani, huko Luberizi, kununua mchele kutorudi. Ndani yake walikuwamo majirani zetu na mama yangu mdogo, aliyenifundisha kusuka nywele, akinizaba kofi nikikosea. Hatukuletewa maiti hata moja. Mama yangu alikuwa akiishi kwa kupandisha mizigo ya watu kutoka soko la Nyawera, kamba ikipita kwenye paji la uso. Kwa kamba ileile akayapandisha mawe ya nguzo, na hakuna aliyemtuma.

Kwetu mtu akifa, ukoo huchagua kitenge cha aina moja, na kila anayehusika na kilio hukivaa. Wanawake waliivika nguzo pia, wakaifunga kiunoni kama mtu wa familia. Muda ulipopita kilio kiliondolewa, vitenge vikakunjwa. Nguzo ikakaa bila nguo mpaka mwaka jana, alipotokea tajiri mmoja akisema kiwanja kile amekinunua na atajenga maduka.

Mama na mimi tulikwenda kwenye ofisi ya mji. Bwana aliyetupokea alikuwa na adabu zake. Alituketisha, akatueleza kwamba ukumbusho wa taifa ni ule uliozinduliwa na serikali, wetu ni rundo la mawe tu. Nilishikwa na hasira. Nikamwuliza waliokufa kwenye lile gari walikuwa raia wa nchi gani. Akatufungulia mlango tutoke. Wakubwa wa mji huu nimewaona wakija na kuondoka, kila mmoja na hotuba yake, na nguzo yetu iko palepale.

Tulipofika nyumbani mama alifungua sanduku, akatoa kitenge chake cha kile kilio, cha buluu chenye ndege, akaenda nacho kwenye nguzo akaifunga. Majirani walipomwona, kila aliyekuwa bado na cha kwake alikwenda kukivaa.

Asubuhi akaja fundi na nyundo kubwa. Alikuwa mtu wa Kadutu kama sisi. Akakuta nguzo imevaa, wanawake wameketi kwenye mikeka, sufuria ya maharage iko motoni. Akasimama, hajui aanzie wapi. Kwetu hupiti kwenye kilio ukaendelea na kazi; unavua kofia, unakaa, unakula kidogo na wafiwa. Mama akamwambia kwa sauti ya chini, "Papa, leo haiko kazi hapa. Hapa iko kilio. Ikala chini kwanza."

Akavua kofia, akakaa. Nyundo aliificha nyuma ya mgongo, nasi tukampa sahani.

Kesho yake tajiri akatuma mwingine, naye akala. Maharage niliyopaswa kuuza Nyawera yaliishia matumboni mwa wabomoaji, na ningepika mengine kwa furaha. Mvua ilipokuja tulijifunika maturubai tukabaki.

Mwishowe akaja tajiri mwenyewe. Sisemi ni mtu mbaya. Alivua kofia naye, maana hata mama yake alizikwa na wanawake waliovaa kitenge kimoja. Lakini kukaa alikataa. Alisimama mbele ya mama, akauliza kwa upole wa mtu aliyechoka, "Maman, hii kilio itaisha siku gani?"

Mama alikuwa akikaza fundo la kitenge kwenye nguzo. Hakugeuka.

"Siku mutatuonyesha fasi gani wanalala watu ya ile gari," akasema. "Siku ile tutaimaliza, na hii mawe nitaibeba miye mwenyewe."

Tajiri alivaa kofia yake, akashuka zake. Tangu hapo hatujaona nyundo. Huenda akarudi, huenda akaja mwingine mwenye nguvu kumshinda, maharage yapo.

Kile kitenge cha ndege kimepauka kwa jua, na mama hawezi tena kuteremka mpaka sokoni. Juzi nilinunua kingine, nikaivika nguzo mimi. Mama alitazama kutoka mlangoni, akaniambia nikaze fundo. Nimelikaza.