Mbwa wa Baba na Safari za Kibaoni

Tangu tulipomzika baba, sikuwa tena na Jumamosi yangu mwenyewe. Mama alikuwa amehamia kwangu Mpanda, lakini shamba la mpunga lilibaki Kibaoni, na kila alipotaka kwenda kuliangalia alitaka twende na mbwa. Alikuwa mbwa wa baba, wa kahawia, sikio moja limechanika. Nikisema tumwache na mume wangu, mama anavuta kiti anakaa.

"Basi na mimi siendi."

Mbwa mwenyewe hakupatana na gari hata kidogo. Nikifungua mlango tu anaanza kutetemeka, udenda unamtiririka. Tukikaribia Sitalike anatapika. Na hapo ndipo barabara inaingia hifadhi ya wanyama, ambako huwezi kushuka ukafuta, na ukifungua dirisha mbung'o wanajaa ndani. Kwa hiyo tulisafiri vioo vimefungwa, mimi nabana pua kwa mkono mmoja, mama nyuma anambembeleza mbwa kwa Kipimbwe kama mtoto mchanga.

Dawa zikaanza. Ghafla kila mtu Mpanda alikuwa daktari wa mbwa. Jirani yangu muuza mboga alisema anuse ganda la ndimu. Mbwa alipiga chafya mpaka akajigonga mlangoni. Fundi wa gari alisema mkaa uliosagwa. Aliurudisha wote, mweusi, juu ya kiti. Mume wangu, ambaye hajawahi kusafiri nasi hata mara moja, alisoma kwenye simu habari za chai ya tangawizi. Nikaichemsha, nikaipoza, nikamnywesha mbwa kwa kijiko huku mama amemshika taya. Siku ile alitapika mara mbili, na gari zima likanuka tangawizi.

Mama aliponiambia nimpondee kitunguu ampe mbwa ameze, nilichoka. Nikamfunga mbwa kamba nikampeleka kwa daktari wa mifugo, kwa miguu. Mama akatufuata.

"Kitunguu hapana, bibi," daktari alisema. "Kwa mbwa ni sumu. Tangawizi kidogo haina shida. Ila siku ya safari anakula saa ngapi?"

"Hali," nikajibu. "Nilishakataza."

Mama akaanza kuangalia ndala zake.

"Mama?"

"Ugali kidogo tu. Na dagaa."

"Saa ngapi?"

"Wewe ukiwa unaoga."

Nilitaka kulia. Safari zote zile, viti vyote vile nilivyosugua kwa sabuni! Mama akamgeukia daktari. "Sasa nyie mnataka asafiri na njaa?"

Daktari hakubishana naye. Aliuliza tu kama mbwa aliogopa gari tangu zamani. Mama akasema gari hilo ndilo lililompeleka baba hospitali. Mbwa alilikimbiza mpaka likampotea, akarudi nyumbani miguu inatoka damu. Baba hakurudi.

Siku ile dereva nilikuwa mimi. Sikuwa nimeangalia nyuma.

Tukaambiwa asile kuanzia usiku wa kuamkia safari, anywe maji kidogo kidogo. Na tumzoeshe: akae garini kila siku gari likiwa limezimwa, halafu likiwa linaunguruma tu, akiwa na nguo ya bwana wake. Nikasema nguo za baba tulishagawa zote. Tulipofika nyumbani mama akaenda chumbani kwake, akatoka na sweta la baba.

Wiki mbili kila jioni tulikaa watatu garini, uani, bila kwenda popote. Jirani anapita anauliza, "Mnasubiri abiria?" Mimi nina nguo za kufua, nina sufuria jikoni, na nimekaa nyuma ya usukani nampeleka mbwa mahali ambapo hatuendi.

Asubuhi ya safari nilipekua pochi ya mama. Nikakuta maandazi mawili kwenye kitambaa.

"Hayo ni yangu," alisema.

Nikayala mimi. Kabla ya Sitalike tulisimama, nikamtembeza mbwa kando ya barabara, kisha tukaingia hifadhini. Alilala juu ya sweta. Udenda ulimwagika, ndiyo, lakini hakutapika. Tulipotokea upande wa pili mikono yangu ilikuwa inauma kwa kushika usukani.

Kibaoni alishuka, akaizunguka nyumba yote, akalala kibarazani. Jioni nilipofungua mlango wa gari hakunyanyua hata kichwa. Nikamwita. Nikamwita tena.

"Mwache apumzike, mwanangu," mama aliniambia. "Na mimi napumzika. Wiki moja tu."

Huu ni mwezi wa tatu. Kila nikipiga simu kuuliza nije lini kuwachukua, ananiambia mbwa bado hajawa tayari.